Nimepuliza vanishi, askari wangu 60 wamegeuka mizimu. Ni hewa ya Dar, kopo, au mkono wangu?

#1 Kiberiti Kimoja
Wakuu, habari za jioni.

Mwenzenu nimeumbuka. Nina miezi minne najenga meza ya mchezo wa vita ya Tanga 1914, ile vita ya nyuki, Mjerumani dhidi ya Mwingereza na askari wake wa Kihindi, kwa vijiaskari vya milimita 28. Meza ina sentimita 120 kwa 90, ufuko wa Ras Kasone upande mmoja, reli na stesheni upande wa pili. Vijiaskari nimevipaka kimoja kimoja baada ya kazi, kuanzia saa 3 usiku mpaka mama watoto azime taa.

Juzi nikasema nimalizie. Nikawapanga 60 juu ya ubao barazani, nikapuliza vanishi ya mati ili wasing'ae kama wametoka kupakwa mafuta ya kula. Nikaingia ndani kula. Kurudi, aisee, ni kama wamemwagiwa sembe. Kaki imekuwa kijivu, nyuso zimepauka, na macho niliyoyatia kwa ncha ya sindano hayaonekani kabisa. Wale 12 niliowapuliza wiki mbili nyuma kwa kopo hilo hilo wako salama.

Mchezo ni Jumamosi ya wiki ijayo, Sinza. Kosa liko wapi, na wanapona hawa? Picha nimeweka chini.

#2 Mpita Njia 77
Nimeshakaa siti ya mbele. Waje wataalamu.

#3 Fundi wa Gerezani
Mimi napuliza magari, hayo madude yenu siyajui, lakini ugonjwa huo naujua. Sisi tunasema rangi imeshika ukungu. Kilichomo ndani ya kopo kinakauka haraka mno, na kinapokauka kinaupoza uso wa kitu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ule unyevu unageuka majimaji juu ya rangi kabla haijashika. Ndiyo weupe huo. Masika gereji yetu hatupulizi gari asubuhi, tunasubiri jua lipande, au tunatumia tina (kiyeyusho cha rangi) ya kukauka polepole.

Ulipuliza saa ngapi?

#4 Kiberiti Kimoja
Kama saa 1 usiku hivi. Mvua ilikuwa imekatika nusu saa.

#5 Fundi wa Gerezani
Umeshajijibu.

#6 Mama Brashi
Fundi heshima yako, ila mimi yamenikuta Januari, saa 7 mchana, jua la kupasua kichwa, Mbezi. Weupe ule ule. Kwa hiyo unyevu peke yake haunitoshi.

Vanishi ya mati inafubaza kwa sababu ina unga laini ndani yake. Kopo likikaa, unga unalala chini. Usipotikisa ya kutosha, mwanzoni linatoka jimaji tupu, mwishoni linatoka unga mtupu. Kiberiti, wale 12 wa wiki mbili nyuma walipata jimaji. Hawa 60 wamepata masimbi. Kale kagololi kakishaanza kugonga ndani, hesabu dakika mbili nzima, usidanganye. Halafu puliza kwa kupita tu, kama unamfukuza mbu, siyo kama unazima moto.

#7 Bwana Sumni
Waache hivyo hivyo mkuu. Waambie wapinzani ni mizimu ya Tanga, haipigwi risasi.

#8 Mtanga Halisi
Nimekuza picha. Weupe hauna shida kubwa, shida ni kofia. Kwa nini askari wa Mjerumani wamevaa tarbushi nyekundu vitani? Walikuwa wanaivisha kitambaa cha kaki, na kipande kingine kinaning'inia nyuma kuziba kisogo, na nembo ya ndege tai mbele. Ukitaka nyekundu, nenda nayo kwenye gwaride.

#9 Kiberiti Kimoja
Mtanga, nimeiga ile sanamu ya Askari pale Posta. Napita pale kila siku na daladala.

#10 Mtanga Halisi
Sanamu ile ni ya shaba bwana, wekundu umeuona wapi?

Halafu ile aliiweka Mwingereza mwaka 1927, na askari yule ni wa upande wake. Kabla ya hapo pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Mwingereza alipoingia Dar mwaka 1916 akaing'oa. Umewavisha watu wa Msimbazi jezi ya Jangwani.

#11 Bwana Sumni
Hapo sasa uzi umenoga 😂

#12 Kitasa
Mmeenda mbio na vanishi, mimi naomba muangalie gundi. Superglu ina mvuke, na mvuke ule ukikaa mahali palipofungwa, hasa penye unyevu, unaganda kama ukungu mweupe juu ya kila kilicho karibu. Kiberiti, angalia weupe umekolea wapi. Ukiwa umekolea mikononi, begani na miguuni palipogundishwa, basi vanishi imesingiziwa.

Uliwagundisha lini, na uliwaweka wapi?

#13 Kiberiti Kimoja
Mnanitisha sasa. Bunduki niligundisha siku moja kabla, nikawaweka kwenye kopo kubwa la aiskrimu nikafunga mfuniko, kwa sababu paka wa jirani ana tabia mbaya.

Nimetoka kuwaangalia kwa tochi. Weupe uko mwili mzima, ila miguuni umezidi. Sijui hiyo inampa nani pointi.

#14 Kitasa
Mimi.

#15 Mama Brashi
Miguuni umezidi kwa sababu umepuliza kutoka juu, na unga unashuka. Pointi ni yangu.

#16 Fundi wa Gerezani
Ubao uliwaweka wapi? Chini sakafuni? Sakafu ya saruji baada ya mvua inapumua. Miguu ndiyo iko karibu na sakafu.

#17 Kigamboni Kwetu
Hakuna aliyeitaja chumvi. Mimi naishi hatua 200 kutoka baharini, huku bawaba za milango zinaliwa ndani ya mwaka. Hewa ya Dar ina chumvi, na chumvi inavuta maji. Upepo ukitoka baharini mimi sipulizi kitu.

#18 Bwana Sumni
Jamaa yuko Tabata kaka, Tabata chumvi ipo kwenye chipsi tu.

#19 Kigamboni Kwetu
Cheka tu. Upepo haulipi nauli.

#20 Ua la Mkonge
Salaam. Weupe mtausuluhisha, mimi nataka kujua nyuki ameweka vipi. Vita ya nyuki bila nyuki ni harusi bila pilau.

#21 Kiberiti Kimoja
Dada, nilifikiria kugundisha ufuta kwenye uzi wa kuvulia.

#22 Ua la Mkonge
Piga hesabu kwanza. Milimita 28 ni kama moja kwa 56. Punje ya ufuta ina milimita 3. Mara 56 unapata sentimita 17. Huyo si nyuki, huyo ni njiwa. Na yeye angewashinda Waingereza peke yake, Lettow, kamanda wa Wajerumani, angebaki Moshi.

Mimi natumia pilipili manga iliyosagwa laini kabisa, nachekecha kwa kichungi cha chai kile kinachobaki kama vumbi. Uzi wa nailoni mwembamba nauvuta kwenye gundi ya mbao iliyoongezwa maji, nauviringisha kwenye pilipili, naukunja mduara kuzunguka mzinga. Mzinga wenyewe ni kijiti cha mshikaki kilichokatwa sentimita 2, kimetobolewa kidogo kwenye ncha na kufungwa mlalo kwenye tawi, kama mizinga ya magogo inavyotundikwa. Chafya utapiga, ila inapendeza.

#23 Mpita Njia 77
Wale nyuki si walifundishwa na Wajerumani? Babu alisema walitega nyaya kwenye mizinga.

#24 Mtanga Halisi
Hadithi hiyo ilienezwa na walioshindwa, maana kusema umepigwa na mdudu wa mtu ni afadhali kuliko kusema umepigwa na mdudu tu. Risasi zilipasua mizinga, nyuki wakatoka na hasira zao, hawakuuliza pasi ya mtu. Hata Wajerumani waliokuwa kwenye bombomu (bunduki za rashasha) walikimbia. Kwa hiyo kwenye mchezo wako, Kiberiti, nyuki wasiwe silaha ya upande mmoja. Dadu ikitoka 1, aliye karibu na mzinga anarudi nyuma, awe nani awe nani.

#25 Kiberiti Kimoja
Hiyo naichukua. Asante.

#26 Sajini Mstaafu
Naona una askari 60. Aitken, jenerali wa Waingereza, alishuka na watu kama 8,000, Lettow alikuwa nao kama 1,000. Kwa uwiano huo Waingereza na Wahindi wako wanatakiwa 480. Unao?

#27 Kiberiti Kimoja
Ninao 110 😅 Tunafidia kwa kanuni. Kila kikosi cha Wahindi kikifutika kinarudi tena kutoka ufukweni, mara nne. Anayecheza Mjerumani anapata askari wachache, ila anaruhusiwa kuhama kwa haraka, kwa sababu ya reli.

#28 Sajini Mstaafu
Inakubalika. Ila wasirudi wote sawasawa. Tarehe 3 Novemba vikosi vya Kihindi vya Rajput na Pioneers wa 61 vilirudishwa vikiwa hoi. Tarehe 4 walioingia hasa mjini ni Kashmir Rifles na North Lancashire. Grenadiers wa 101 walichanikachanika upande wa kushoto. Tarehe 5 wakapanda meli wakaacha bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Hizo risasi weka kwenye meza yako kama zawadi, maana Lettow alizitumia muda mrefu baada ya hapo.

#29 Mjukuu wa Kalenga
Sakarani umemuweka, yule ofisa wa Kijerumani? Jina lake hasa ni Tom von Prince, alikufa hapo Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Sisi Wahehe tunamkumbuka kwa mengine, alikuwepo Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipovunjwa Oktoba 1894. Ukimaliza Tanga njoo utengeneze Lugalo, 17 Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski na msafara wake mrefu porini. Tukumbuke na siku tulizoshinda.

#30 Mtanga Halisi
Lugalo itahitaji meza ya mita 3, safu ile ilikuwa ndefu kama foleni ya Mwenge.

#31 Mjukuu wa Mpagazi
Naomba niulize jambo ambalo kila mara naona linarukwa. Kwenye picha yako kuna askari, maofisa, farasi, hata mbwa. Mpagazi hata mmoja hayupo. Vitu vyako umenunua wapi? Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Mwingereza waliokusanywa pale. Tunanunua gundi juu ya makambi yao halafu kwenye meza hatuwaweki.

Viwandani hawawatengenezi sana, najua. Mimi nawatengeneza mwenyewe kwa ile epoksi ya kuziba mabomba, ya vipande viwili unavyoikanda mpaka rangi zichanganyike. Inauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Nachukua askari wa plastiki aliyevunjika, nakata bunduki, nainua mikono yote miwili. Mzigo ni donge la epoksi, nalibonyeza pande nne kwa kisu kilicholowa maji ili lisinate. Kamba ni uzi wa cherehani. Ngata ya kichwani usiisahau, wengi wanaisahau, mzigo unakaa juu ya nywele kama kofia. Viringisha kakijiti ka epoksi kembamba, kunja duara, bandika kabla hakajakauka. Una kama nusu saa ya kuchezea, baada ya hapo inakuwa jiwe.

#32 Kiberiti Kimoja
Hii imeniingia. Nina watano waliovunjika miguu. Leo usiku naanza.

#33 Mtanga Halisi
Nyongeza tu kwa Mjukuu: Carrier Corps ilikuwa ya Mwingereza, lakini Mjerumani naye hakubeba mzigo wake mwenyewe hata siku moja. Weka wapagazi pande zote.

#34 Bwana Sumni
Tumesahau wagonjwa wodini. Dawa iko wapi?

#35 Mama Brashi
Dawa ninayoiamini: vanishi ya kung'aa, ya maji, kwa brashi laini, tabaka jembamba. Ule weupe ni uso uliojaa vijishimo visivyoonekana, taa inatawanyika. Ya kung'aa inajaza vijishimo, rangi inarudi. Ikikauka kesho yake, rudia mati kidogo sana. Jaribu kwa mmoja kwanza, yule usiyempenda.

#36 Fundi wa Gerezani
Gari likishika ukungu tunapulizia tina ya polepole kwa mbali, ile rangi inalegea, unyevu unatoka, inajifunga upya.

#37 Mama Brashi
KIBERITI USIFANYE HIVYO. Tina ya gari na plastiki ni moto na petroli.

#38 Mpita Njia 77
Mimi nilishafanya. Bunduki zililegea kama tambi. Mmoja alibaki nusu mwili, nikamuita majeruhi.

#39 Fundi wa Gerezani
Nilisema gari. Nimesema tangu mwanzo madude yenu siyajui.

#40 Kigamboni Kwetu
Mafuta ya nazi, tone moja kwenye ncha ya pamba, unamsugua taratibu. Rangi inarudi hapo hapo.

#41 Ua la Mkonge
Ni kweli inarudi. Nilifanya kwa farasi wangu sita. Wiki iliyofuata vumbi lote la nyumba lilikuwa juu yao, na sisimizi walikuwa wanapanda kama Wahindi wanaoshuka Ras Kasone. Usithubutu.

#42 Kiberiti Kimoja
Mrejesho wakuu. Nimefanya jaribio ili tumalize ubishi. Nimechukua sita ambao hawajapulizwa.

Wawili nimepuliza saa 7 mchana, jua kali, bila kutikisa kopo. Mmoja yuko safi. Mwingine ana weupe kidogo mgongoni.

Wawili nimepuliza saa 1 usiku, nimetikisa dakika tatu kwa saa ya simu. Mmoja safi. Mwingine kofia nyeupe, mwili mzuri.

Wawili sikuwapuliza kabisa, niligundisha bunduki nikawafungia kwenye kopo la aiskrimu usiku kucha. Wote wana weupe vidoleni.

#43 Mama Brashi
Mgongoni mchana. Nilisema mimi.

#44 Fundi wa Gerezani
Kofia usiku. Nilisema mimi.

#45 Kitasa
Vidole bila vanishi hata tone. Jamani 🙏

#46 Kigamboni Kwetu
Siku ya jaribio upepo ulikuwa unatoka wapi?

#47 Bwana Sumni
Huu uzi ni kama mpira, kila mtu ameshinda na hakuna kombe.

#48 Sajini Mstaafu
Kiberiti, kabla hujawatibu wote. Kampuni nyingi za Kijerumani mwaka 1914 bado zilikuwa na bunduki ya 1871, ya baruti nyeusi. Ukipiga, moshi mweupe unakufunika wewe na mwenzako, adui anajua ulipo. Sasa wewe una askari weupe tayari. Wapange mstari wa kupiga risasi, weka pamba iliyochanwa mbele ya midomo ya bunduki, taa ya pembeni. Weupe utaonekana ni moshi uliowapata. Nani atakuuliza?

#49 Mtanga Halisi
Hii kali. Na itaficha na zile tarbushi.

#50 Kiberiti Kimoja
Wakuu, nimerudi kutoka Sinza.

Askari 31 wamepona kwa dawa ya Mama Brashi. Waliobaki nimewaweka kwenye moshi kama alivyosema Sajini, na kila aliyeingia aliuliza nimepataje rangi ile ya baruti. Nikasema ni siri ya fundi. Tarbushi nimezivisha kaki zote, Mtanga ulale salama. Wapagazi watano walisimama nyuma ya stesheni na mizigo yao, na mtoto wa mwenye nyumba alicheza nao tu, vita hakuitazama.

Mjerumani alishinda. Nyuki walitoka mara tatu, mara mbili kwake.

Jambo moja linanisumbua. Usiku wa kuamkia mchezo nilipuliza wale Kashmir Rifles 20 waliokuwa wamebaki. Kopo lile lile. Wote wametoka safi, hakuna hata doa.

#51 Fundi wa Gerezani
Saa ngapi?

#52 Kiberiti Kimoja
Saa 1 usiku. Manyunyu yalikuwepo.

#53 Fundi wa Gerezani
Haiwezekani.

#54 Mama Brashi
Basi ulitikisa vizuri.

#55 Kiberiti Kimoja
Nilisahau. Nilikuwa na haraka.

#56 Kitasa
Bunduki zao uligundisha kwa gundi gani?

#57 Kiberiti Kimoja
Superglu. Asubuhi ya siku ile ile. Kwenye kopo la aiskrimu.

#58 Kigamboni Kwetu
Nauliza tena kwa upole. Upepo ulikuwa unatoka wapi?